"Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa": mama mkwe kasimamisha rangi ya chumba cha mtoto

#1 Baba Kijacho (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na ushee, ya kwanza. Tumepanga Tabata, vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili kilikuwa stoo: gunia la mkaa, baiskeli isiyo na mnyororo, feni mbili zisizozunguka. Jumamosi nikatoa vyote, nikaziba nyufa, nikanunua ndoo ya rangi ya lita 20 (hesabu zilinikataa tangu shule), nikaanza na ukuta wa dirishani. Keko nilishapita kuulizia kitanda cha mtoto cha mninga.

Mama mkwe akatokea Tanga bila taarifa. Kasimama mlangoni na mkoba wake begani, kautazama ukuta nusu njano nusu saruji, hata salamu hakutoa. Akasema, "Baba, usikate mbeleko na mwana hajazaliwa." Akapita zake jikoni.

Tangu siku hiyo brashi imekaukia ndani ya ndoo na mke wangu haingii kile chumba. Hata soksi mbili nilizonunua kaniambia nizifiche, ikibidi nikaziweke kazini.

Nauliza: huu ni uchuro kweli, au ni mazoea ya wazee tu? Nyie mlianza kuandaa mwezi wa ngapi, na mliandaa nini? Likizo yangu ya uzazi ni siku tatu. Nikisubiri azaliwe ndiyo nishike brashi, nitaishika saa ngapi?

#2 Kapuku Jeuri
Lita 20 chumba kimoja? Unapaka chumba cha mtoto au unapaka Tabata yote mpaka Segerea?

Nimekaa pale, ngoja waje.

#3 Bi Tumu
Mkweo hakukosea hata chembe. Sie huku Unguja mimba ya kwanza hata kutajwa haitajwi ovyo. Ukinunua vijinguo ukavifua ukavianika kambani, kila apitaye anavihesabu, na si kila ahesabuye anakutakia kheri. Husuda haibishi hodi.

Mie wanangu wanne. Nguo zao zilikaa kwa dada yangu Kwahani, sandukuni, na ufunguo akawa nao yeye. Mtoto akizaliwa huvikwa kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama pamba. Hiyo hainunuliwi, ipo kila nyumba. Rangi ya njano mtoto wa siku moja anaijulia wapi?

#4 Mkunga wa Zamu
Niko wodi ya wazazi mwaka wa 14 sasa. Na rangi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni begi.

Kuna mama alifika kwetu saa tisa usiku, wiki 34, kashika kadi ya kliniki na simu, basi. Hawakununua kitu chochote kwa sababu kama hizi za #1 na #3. Mtoto akaja na kilo 1 na gramu 900, mzima, analia vizuri, lakini mtoto wa uzito ule anapoteza joto huku unamwangalia. Tulimkausha, tukamweka kifuani kwa mama yake, tukamfunika kwa shati la baba lililokuwa kavu. Baba alikaa kwenye benchi la nje na singilendi mpaka wifi wa mama alipotokea na mfuko wa nguo saa moja asubuhi. Nguo zenyewe zilikuwa za mtoto wa miezi mitatu.

Kwa hiyo mleta mada, chumba kisubiri ukitaka. Begi halisubiri. Wiki ya 32 liwe limefungwa na liko sehemu ambayo hata jirani akiitwa usiku analipata. Orodha kamili utapewa kliniki kwenu, maana vituo vinatofautiana, ila usikose kanga au vitenge visafi vikavu vinne au vitano, mpira wa kutandika, glavu, kibanio cha kitovu, wembe mpya, pamba, pedi, beseni, kofia na soksi za mtoto. Weka hela ya usafiri pembeni, isiguswe hata kwa umeme: bajaji ya saa nane usiku ina bei yake. Na mjue mapema nani atatoa damu ikihitajika.

Kuhusu rangi: tumia ya maji, achana na ya mafuta yenye thina. Na kama kuna rangi ya zamani ukutani, mkeo asiikwangue wala asifagie vumbi lake. Baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi, na hayo yanamfikia mtoto tumboni.

#5 Ticha Mstaafu
Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, niruhusuni niwaharibie sherehe. Methali hiyo haina uchuro ndani yake. Tazameni neno "usikate". Haikusema usinunue, wala usiandae. Nguo nzima ina kazi mia: utajitanda, utajifunga, utatandika, utauza ukibanwa. Ukishaikata kipimo cha mbeleko imekuwa mbeleko tu. Asiyepata mtoto amebaki na kitambaa kisichotosha hata kiunoni. Methali inasema usiifunge mali yako kwenye jambo ambalo halijawa. Ni methali ya hesabu, ndugu zangu, hirizi haimo.

Na ndiyo maana ndoo ya lita 20 imemkera mama mkwe.

#6 Msela wa Bombo
Ticha umenena, ila kuna kitu watu wanakiruka. Kwetu Tanga mbeleko imo kwenye mahari! Kuna kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ubeleko, asante ya kumbeba binti yao mgongoni. Mleta mada, ubeleko ulilipa au hukulipa? Maana kama ulilipa, mama mkwe mbeleko yake keshaikata siku nyingi, tena kwa hela yako.

#7 Baba Kijacho
#6 nililipa, na mjomba wao alihesabu mara mbili. Hoja hiyo nitaitumia siku nikiwa na nauli ya kurudi kwetu.

#4 asante sana, begi nimelianza leo. Wembe, glavu na pamba mke wangu hana tatizo navyo, anasema hivyo ni vyake yeye. Anachogomea ni kofia tu.

#8 Mzee wa Takwimu
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni moja: watoto walikuwa wanakufa. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 1999 ulionyesha kati ya watoto 1000 wanaozaliwa hai, 99 hawafikishi mwaka. Mmoja kati ya kumi! Na hiyo ni 1999, bibi zetu walizaa miaka ya 50. Katika hali hiyo lazima watu wajifunze kutomfungia mtoto kitanda. Leo tumeshuka mpaka 43. Methali imepitwa na wakati, paka rangi.

#9 Mkunga wa Zamu
#8 rekebisha. 43 ya mwaka 2022 ni ya watoto chini ya miaka mitano. Chini ya mwaka mmoja ni 33. Na ukitaka kujua kazi iliyobaki iko wapi, 24 kati ya hao wanakufa ndani ya siku 28 za mwanzo. Ndiyo maana nasema begi.

#10 Mzee wa Takwimu
Nimesahihishwa, nakubali. Hoja yangu ndiyo kwanza imepata nguvu.

#11 Dada wa Espoo
Nawasoma kutoka Ufini. Huku serikali ndiyo inakukatia mbeleko na mwana hajazaliwa 😄 Ukiwa mjamzito unatumiwa boksi: nguo za mtoto za saizi tofauti, mfuko wa kulalia, kipimajoto cha maji ya kuoga, kimkasi cha kucha, mpaka kondomu za wazazi. Chini kuna kigodoro, na boksi lenyewe linaweza kuwa kitanda cha kwanza. Wangu alilala humo miezi mitatu na ushee, sakafuni pembeni ya kitanda chetu.

Utaratibu huu ulianza 1938 kwa familia maskini, 1949 ukawa wa kila mama. Miaka hiyo ya 1930 watoto 65 kati ya 1000 walikuwa wanakufa huku. Lakini #8 angalia vizuri: wenzetu walikuwa na msiba uleule na hawakukimbilia kunyamaza. Na boksi hupati bure bure, lazima uwe umepimwa kliniki kabla mwezi wa nne haujaisha. Hapo ndipo ujanja ulipo. Boksi ni chambo, kliniki ndiyo ndoano.

#12 Bi Tumu
Mtoto kwenye boksi. Haya.

#13 Mama Pacha wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilidharau wazee, nikaandaa kila kitu mapema. Kliniki moja ya mtaani ikanifanyia altrasaundi, daktari akasema kwa sauti yake yote, "Ni msichana." Nikanunua pinki: mapazia pinki, shuka pinki, beseni pinki, hadi ndoo ya nepi pinki. Bebi shawa tukafanya, keki pinki.

Wakatoka wavulana wawili.

Wawili! Hata huyo wa pili hakuonekana, sijui alikuwa amejificha wapi. Picha zao zote za miezi sita ya kwanza ni pinki, na sasa wako darasa la nne wameanza kuuliza maswali. Kwa hivyo mleta mada, hiyo njano yako iko sawa. Kitu kingine: usinunue nguo nyingi za saizi ya kwanza. Wanazivaa wiki tatu halafu mguu hauingii.

#14 Kapuku Jeuri
"Hata huyo wa pili hakuonekana." Hii chai ina tangawizi na iliki.

#15 Mama Pacha wa Umoja
#14 ni ya kweli kabisa, mume wangu ni shahidi. Alizimia.

#16 Fundi wa Keko
Naona Keko imetajwa. Mimi natengeneza vitanda vya watoto, sasa mwaka wa tisa. Ushauri wa bure: mninga ni mzuri ila ni hela, mkongo pia unafaa. Paini usichukue kama haijakauka, baada ya miezi miwili misumari inacheza. Wateja wengi wanapenda kile cha upande unaoshuka, mama asiiname sana. Kina droo chini na magurudumu. Nakupa na varnishi juu yake.

#17 Mzinza wa Minneapolis
Fundi samahani, ni kwa nia njema. Upande unaoshuka ACHA. Huku Marekani vimepigwa marufuku kuuzwa tangu 2011, kwa sababu ule upande unalegea, unaacha mwanya, mtoto anateleza anabanwa kati ya godoro na ubao. Vijiti vya pembeni navyo nafasi yake isizidi sentimita 6. Kipimo cha haraka: chukua kopo la soda, likipita kati ya vijiti, kitanda hicho hakifai. Na mito ya kuzungushia pembeni, ile ya mapambo, 2022 imepigwa marufuku nayo. Godoro gumu linaloenea vizuri, shuka moja ya kubana, mtoto chali. Hakuna mto, hakuna mwanasesere, hakuna blanketi la manyoya.

La pili ndilo litawachekesha. Mimi nilihangaika kuandaa chumba cha mtoto kama ninavyoona kwa Wazungu, nikabandika na tembo ukutani. Nimefika kwa daktari wa watoto ananiambia mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita, kwenye kitanda chake mwenyewe. Kumbe bibi yangu kule Sengerema alikuwa anafuata mwongozo wa madaktari wa Marekani bila kujua. Tembo walikaa peke yao mwaka mzima.

#18 Fundi wa Keko
#17 nimeenda kupima sasa hivi. Nafasi za kwangu ni sentimita 8. Kopo limepita bila kugusa.

Nina vitano viko tayari hapa nje. Ngoja niongeze vijiti. Ila upande unaoshuka mteja akiutaka mimi nifanyeje, nimfukuze?

#19 Mzinza wa Minneapolis
Mpe kopo la soda, halafu mweleze.

#20 Wa Bukavu
Jambo wote. Sisi huku tunaitaka layeti, ni vile vinguo na vitambaa vyote vya mtoto. Mama anavinunuaka pole pole, leo kofia, mwezi ujao brasiere, ni kifulana cha mtoto, anavificha ndani ya valizi, ni sanduku la safari, chini ya kitanda. Mtu haonyeshake. Lakini kila mtu anajua valizi iko pale. Mimi naona si uchawi, ni heshima: hauwezi kushangilia mbele ya mwanamke ambaye anatafuta mtoto miaka kumi na hapati, na yeye ni jirani yako.

Chumba cha mtoto mimi sijaona. Watoto wetu wote wako na chumba kimoja, kinaitwa mgongo wa mama.

#21 Bi Tumu
#20 umesema kwa adabu, wallahi.

#22 Mwana wa Kisauni
Mie naona nyote mwamtazama mtoto, hamumtazami mama mkwe. Huku kwetu Mombasa mimba ya kwanza msichana hurudi kwao akazalie huko, mamake ndiye amkandaye, ndiye amfungaye tumbo, ndiye amuoshaye mtoto mpaka arubaini iishe. Leso za uzazi ni yeye azinunuaye. Chumba ni chake yeye kukitayarisha, tena ni chumba chake mwenyewe. Sasa kafunga safari kutoka Tanga, afika mlangoni, akuta mkwe mwanamume na brashi mkononi. Bwana, umemnyang'anya kazi! Hiyo methali kaokota tu iliyokuwa karibu.

Mpe hela ya leso umwambie achague yeye. Utaona uchuro wote waisha.

#23 Msela wa Bombo
#22 wewe ndiye mwanaume wa kwanza kuongea akili kwenye huu uzi.

#24 Ticha Mstaafu
Hoja ya #22 inapendeza lakini methali "kuokotwa" ni kuidharau methali.

#25 Asali ya Mbezi
Nimesoma tangu #1 nikasema sitaandika. Naandika mara moja tu, msinijibu sana.

Mimi niliandaa. Kitanda, neti ya kuning'inia, kabati ndogo, nguo nilizipanga kwa miezi. Mwezi wa nane mtoto akaacha kucheza. Nilijifungua akiwa ameshaondoka.

Niliporudi nyumbani chumba kilikuwa kitupu. Dada zangu walikitoa kila kitu usiku ule nikiwa wodini, hata ndoano ya neti waling'oa darini. Walifikiri kila kitu. Ila kulikuwa na kapeti, na kwenye kapeti kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda, zimezama. Hazikutoka hata ulipopita ufagio. Nilizitazama wiki nzima mpaka mume wangu akalikunja kapeti lenyewe.

Sijui kama ni uchuro. Kitanda kimoja na changu kulikuwa na binti wa miaka 19 ambaye hakununua hata pini, na wake pia alikwenda. Miaka mitatu baadaye nilipobeba tena niliandaa, lakini niliandaa kwenye sanduku, kama alivyosema #3. Sikuogopa jicho la mtu. Nilitaka tu kiwe kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba kwa mkono mmoja akakitoa.

Mleta mada, kabla hujabishana na mama mkwe, muulize mkeo kwa upole: mama alizaa wangapi? Usiulize alilea wangapi.

#26 Mkunga wa Zamu
Pole sana dada.

Na kwa mnaosoma: mtoto akipunguza kucheza usisubiri kesho, usinywe maji baridi ukajipa moyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

#27 Mzee wa Takwimu
Pole dada. Mimi nilikuwa naandika namba tu.

#28 Dada wa Espoo
Pole. Maneno yangu ya #11 kwamba watu "walikimbilia kunyamaza" nayafuta.

#29 Kisiki cha Njombe
Poleni wote. Niulize kidogo nje ya mada. Huku kwetu baridi inakata. Chumba cha mzazi tunaweka jiko la mkaa na kufunga dirisha ili mtoto asipate nimonia. Mnaonaje?

#30 Mkunga wa Zamu
USIFANYE. Moshi wa mkaa unaouona ndio wenye huruma, hewa inayoua haina rangi wala harufu. Mama na mtoto mnalala hamuamki. Joto la mtoto ni kofia, soksi, na ngozi ya mama: mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike kwa juu. Tunaita huduma ya kangaroo, na mdogo wa kilo mbili kasoro anaishi hivyo wiki kadhaa.

#31 Ticha Mstaafu
Kangaroo ni mnyama wa Australia, bila shaka huduma hii ilitoka huko.

#32 Mzinza wa Minneapolis
Ticha, hapana. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mashine za joto zilikuwa chache, watoto wanalazwa wawili watatu kwenye moja, madaktari wakawapeleka kwa mama zao. Jina tu ndilo la kangaroo.

Halafu mmenikumbusha. Jirani yangu hapa ni Myahudi. Na wao wengi hawaleti kitu cha mtoto nyumbani kabla hajazaliwa, sababu zilezile mnazozisema, jicho na kadhalika. Yeye alikwenda dukani akachagua kitanda, akalipa, akawaambia wakae nacho. Siku mkewe anajifungua akawapigia simu wakaleta. Kwa hiyo #3 na #20, hamko peke yenu duniani.

#33 Bi Tumu
Jicho ni haki, hata huko lipo.

#34 Wakili wa Mtaa
Nimechelewa. Zile siku tatu za mleta mada: sheria ya ajira ya 2004 inataka uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Usije ukaziweka za kupaka rangi mwezi ujao. Mkeo ana siku 84, na mapacha ni 100.

#35 Mama Pacha wa Umoja
Siku 16 za ziada kwa mtoto mzima wa ziada. Aliyepiga hiyo hesabu hajawahi kunyonyesha wawili saa kumi usiku. Huku Kenya baba anapata wiki mbili, na bado wangu hakupaka chochote.

#36 Baba Kijacho
Nimerudi wakuu. Nilifanya kama alivyosema #25. Nilimuuliza mke wangu usiku taa ikiwa imezimwa. Akakaa kimya muda mrefu, akasema kuna mtoto mbele ya kaka yake mkubwa. Yeye mwenyewe alijua akiwa kidato cha pili, kwa shangazi, si kwa mama. Hajawahi kumuuliza. Mimi pia sikumuuliza.

Asubuhi nilimpa mama hela ya kanga kama alivyoshauri #22, nikamwomba achague yeye. Akapanda daladala peke yake mpaka Kariakoo, akarudi jioni na doti tatu na mfuko mwingine ambao hajauonyesha. Mke wangu anasema amesikia mlio wa nailoni ndani ya mkoba wake wa Tanga. Chumbani hajaingia na methali hajairudia.

Ukuta wa dirishani nimeumaliza juzi, rangi ya maji, madirisha wazi, mke kampelekea wifi chakula Buguruni siku nzima. Kuta nyingine tatu zinasubiri. Mama kapita mlangoni mara mbili. Mara ya pili akasema, "Pale juu ya swichi umeruka."

#37 Msela wa Bombo
Hiyo ni ruhusa!

#38 Ticha Mstaafu
Hiyo si ruhusa, ni ukaguzi.

#39 Bi Tumu
Wala si hili wala si lile. Anataka iishe haraka watu wasije wakaiona.

#40 Mzee wa Takwimu
Na kitanda?

#41 Baba Kijacho
Kitanda nimefuata ya yule Myahudi wa #32. Nimelipa nusu, kinakaa Keko mpaka nipige simu.

#42 Fundi wa Keko
Mteja huyo ni wangu, nathibitisha. Vijiti sentimita 5 na nusu, upande haushuki, kopo la soda limegoma kupita mbele ya macho yake. Ila mkuu, pale nje jua na mvua ni vyote vyetu, na nafasi yenyewe ni ndogo. Miezi mitatu ya kukitunza tutaongea au tusiongee?

#43 Kapuku Jeuri
Mlipe kwa rangi. Lita 14 zimebaki.

#44 Fundi wa Keko
Ni ya njano au cream? Nina mteja wa kabati.